Bee Fataha Ba: Jina la Herufi na Sauti Yake

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazazi wa siku hizi ni swali ambalo kwa juu juu huonekana dogo: mtoto wa miaka 2 au 3 anapoanza kuzielekea herufi kwa kidole, afundishwe nini kwanza, jina la herufi au sauti yake? Aambiwe kuwa hii ni "bii", au aambiwe kuwa hii husema "ba"? Vitabu na vidude vya kuchezea vinavyoletwa kutoka ng'ambo vimewagawa wazazi katika makundi mawili, na kila kundi lina hoja zake. Wapo wanaodhani kuwa mzozo huu ni mpya, uliozaliwa pamoja na simu na katuni. Sivyo. Ni mzozo mkongwe kuliko dola nyingi tunazozisoma katika tarehe, na sisi watu wa pwani tulikuwa na jawabu letu kabla ya kuletewa la wengine. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo, kwa sababu ndani yake mna jambo linalowagusa hasa wapenzi wa ushairi, nalo ni usalama wa irabu zetu 5.

Tuanze na majina yenyewe. Herufi hazikuzaliwa na majina matupu. Watu wa jamii ya Kisemiti waliokuwa Misri na Sinai, karibu miaka 4,000 iliyopita, ambao maandishi yao yameonekana katika machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, walichora kichwa cha fahali, wakakiita kwa neno lao la fahali, kisha wakaitumia picha ile kwa sauti ya kwanza ya neno hilo peke yake. Walichora nyumba, ikawa ndiyo b. Maji yakawa m, jicho likawa aini, kiganja kikawa kafu, kichwa kikawa ree. Mwenye kujua Kiarabu kidogo bado anayasikia maneno hayo ndani ya herufi: aini ni jicho hadi leo, kafu inafanana na neno la kiganja, na ree ni ndugu wa neno rasi, yaani kichwa, ambalo sisi tumelichukua kuitia ncha ya nchi iliyochomoza baharini. Bee nayo ni ndugu wa baiti, nyumba, neno hilo hilo lililotupa ubeti wa shairi. Kila mshairi wa Kiswahili anayejenga ubeti anakaa, pengine bila ya kujua, katika nyumba ya herufi ya pili.

Kwa hivyo hapo mwanzo jina na sauti hazikuwa mahasimu. Jina lilikuwa chombo, na sauti ndiyo shehena. Aliyelitamka jina alikuwa amekwisha kuitamka sauti, maana sauti ilikaa kwenye omo ya jina. Uhasama ulikuja pale majina yalipohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Wagiriki walipozichukua herufi kutoka kwa Wafoinike, yapata karne ya 8 kabla ya Masihi, walichukua na majina yake, lakini "alfa" na "beta" hayakuwa na maana yoyote katika lugha yao. Sauti ya kwanza ilibaki mahali pake. Maana ikapotea, na mtoto akawa hana budi kukariri. Wanafunzi wa Athens walikariri kwa kuunganisha: beta alfa ba. Mtunzi mmoja wa tamthilia aitwaye Callias aliufanya mkaririo huo kuwa wimbo wa jukwaani, waimbaji wake wakitaja herufi mbili mbili na silabi inayotokana nazo.

Lawama nazo zilianza mapema. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa ufasaha mjini Roma katika karne ya 1 baada ya Masihi, hakupendezwa na desturi ya kuwakaririsha watoto wadogo majina ya herufi na mpangilio wake kabla hawajayajua maumbo yake. Aliona kuwa mtoto aliyekwisha kuzihifadhi kwa mfuatano huacha kuitazama herufi iliyo mbele yake na kuufuata ulimi wake uliozoea. Yeye aliunga mkono watoto wapewe herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu, wazishike na wazichezee. Mzazi wa leo anayemnunulia mwanawe herufi za plastiki anafuata, kwa bei nafuu zaidi, shauri la miaka 1,900 na ushei.

Msomaji aliyepita chuoni atakuwa amekwisha kuitambua sauti ya Athens. Beta alfa ba ndiyo bee fataha ba. Lakini mpango wa chuoni ulikuwa na hekima yake, na inafaa tuutazame kwa makini badala ya kuudharau au kuusifu kwa mazoea tu.

Maalim wa chuoni hakumwacha mtoto na jina peke yake, wala hakumtupia sauti isiyo na jina. Kwanza alimpa silisila nzima, alifu mpaka yee, iliyopangwa kwa kufuata maumbo: bee, tee na thee ni mwili mmoja wenye nukta tofauti, jimu, hee na khee vivyo hivyo. Kisha zikaja alama za irabu, na mtoto akasoma: bee fataha ba, bee kasra bi, bee dhumma bu. Katika kila kifungu alitaja jina la herufi, akataja alama, kisha akatoa sauti. Jina lilikuwa hatua ya kwanza na sauti ya tatu, na hapana hata siku moja aliporuhusiwa kuishia njiani. Hayo yote yalikwenda kwa mahadhi, mwili ukiyumba, ubao au kitabu cha Baghdadia mbele yake, kijiti kikipita juu ya herufi. Usemi wetu wa "alifu kwa ujiti", tunaoutumia kwa jambo linaloanzwa tangu mwanzo wake kabisa, bado una kumbukumbu ya darasa hilo.

Iko sababu nyingine ya majina, ambayo wakosoaji wa chuo mara nyingi hawakuizingatia. Sura 29 za Kurani hufunguliwa kwa herufi zinazosomwa kwa majina yake. Katika mwanzo wa Sura ya Al-Baqara herufi 3 zimeandikwa zikiwa zimeungana kama neno, lakini msomaji haziunganishi kwa sauti. Husoma alifu, lamu, mimu. Asiyefundishwa majina hawezi kuufungua mlango huo. Mtoto wa chuoni alifundishwa jina kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa sehemu ya matini atakayoisoma maisha yake yote. Tena katika pwani hii majina hayo yaliingia katika utunzi: ziko tungo za kale, kama Dura Mandhuma, ambazo zimepangwa kwa kufuata herufi za Kiarabu moja baada ya moja. Asiyejua silisila ya herufi hausikii mpango wa utungo.

Hata hivyo haki inataka tuseme na upungufu. Mkaririo wa chuoni ulikuwa mrefu, na kwa mtoto asiyejua Kiarabu ulimfikisha kwenye kusoma bila ya kufahamu. Na ulipotumiwa kwa Kiswahili ulikuwa na kasoro ya aina nyingine: alama 3 za irabu kwa lugha yenye irabu 5. Fataha iliitosha a. Kasra ilibidi ibebe i na e pamoja, na dhumma ibebe u na o. Katika mkono wa mwandishi wa zamani, kiti na kete zingeweza kuandikwa sawasawa, na kuku na koko pia. Msomaji wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alisoma kwa macho, kisha akaamua kwa sikio. Ndiyo sababu hati za mashairi zilihitaji mjuzi wa kuzieleza. William Taylor, mmisionari wa Mombasa, alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji mwishoni mwa karne ya 19, alimhitaji Mwalimu Sikujua bin Abdallah amfafanulie, na ni kazi ya watu hao iliyowezesha Diwani ya Muyaka kuchapishwa mwaka 1940. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alizitumia herufi za Kiarabu kwa kuzirekebisha ili zitosheleze sauti za Kiswahili. Hakuwa akishughulika na urembo wa mwandiko. Alikuwa akitaka sauti ipate makazi yake.

Wakati vyuo vyetu vikiendelea na fataha na kasra, Ulaya ilikuwa ikipigana juu ya jambo hilo hilo. Mwaka 1527 Mjerumani Valentin Ickelsamer alitoa kitabu cha kufundisha kusoma kwa njia fupi, akitaka mwanafunzi aanze na sauti anazozisikia ndani ya neno. Katika karne ya 17, huko Ufaransa, walimu wa Port-Royal, ambao Blaise Pascal alikuwa karibu nao, walipendekeza konsonanti zisiitwe kwa majina bali zitamkwe kwa sauti zake tu, na shauri hilo likaingizwa katika sarufi yao ya mwaka 1660. Mwaka 1872 serikali ya Prussia ilikataza kabisa katika skuli zake njia ya kusomesha kwa kutaja majina ya herufi.

Kwa wasemaji wa Kiingereza mambo yalikuwa mazito zaidi, na sababu ni ya kihistoria. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake mdomoni. Herufi a, iliyokuwa ikiitwa karibu kama tunavyoiita sisi, ikaishia kuwa "ei". E ikawa "ii". I ikawa "ai". Majina yakahama na sauti ndefu, huku sauti fupi nyingi zikibaki karibu na zilipokuwa. Zaidi ya hayo, yako majina ambayo hayana sauti ya herufi ndani yake: "echi" haina pumzi ya h, na "dabliyu" haisikiki w popote. Watafiti wameona kuwa mtoto wa Kiingereza hupata msaada wa kweli kutoka katika jina kama "bii", lililobeba sauti yake mwanzoni, lakini hupotezwa na jina kama "wai", akadhani kuwa y ndiyo sauti ya wa. Ndiyo maana mzozo wao haukwishi. Huko Marekani Horace Mann aliyashambulia mafunzo ya majina ya herufi katika miaka ya 1840. Mwaka 1955 Rudolf Flesch alikishtua kizazi kizima kwa kitabu kilichodai kurudishwa kwa njia ya sauti. Uingereza ilipokea ripoti ya Jim Rose mwaka 2006, ikaamua kwa sauti, na tangu 2012 watoto wa miaka 5 na 6 hupimwa kwa njia hiyo.

Jambo la kutia maanani ni hili: mzozo huo umezaliwa na maradhi ya mwandiko wa Kiingereza. Dawa ya mtu si lazima iwe dawa ya jirani yake. Basi tuuangalie mwandiko wetu.

Ludwig Krapf alifika pwani mwaka 1844, na Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864. Wamisionari hawa na wenzao walipokiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, walifuata kanuni ambayo ilitukinga na balaa kubwa: konsonanti zisomwe takriban kama za Kiingereza, lakini irabu zisomwe kama za Kitaliano. Steere alikuwa Mwingereza, na angeweza kutuletea irabu za kwao. Hakufanya hivyo, kwa sababu sikio lake lilimwambia kuwa Kiswahili kina irabu 5 safi, kila moja na mahali pake, na irabu za kwao hazitulii. Kwa uamuzi huo, kila irabu ya Kiswahili ikawa na jina lililo sawa na sauti yake. A huitwa a na husema a. Kwa irabu, mzozo wa jina na sauti umekwisha kabla haujaanza.

Kwa konsonanti, ukweli ni kwamba njia zote mbili zina taabu. Ukitaja jina, mtoto ataliingiza jina zima ndani ya neno; aliyefundishwa "emu" ataisoma mtu "emutu". Ukitaka kuitoa sauti tupu ya b, mdomo hauwezi. Utaisikia ikivuta irabu nyuma yake upende usipende. Walimu wa skuli zetu za zamani waliliona hilo na wakafundisha silabi: a e i o u, kisha ba be bi bo bu, kisha cha che chi cho chu. Hiyo ilikuwa bee fataha ba iliyopunguzwa maneno na kuongezewa irabu 2 zilizokosekana. Kwa majirani zetu wenye asili ya Gujarat jambo hili halikuwa geni: katika mwandiko wao kila konsonanti huitwa kwa silabi yake, ka, kha, ga, jina na sauti zikiwa kitu kimoja. Katika mitaa ya Mji Mkongwe mtoto mmoja aliweza kuwa anasoma "kafu fataha ka" na mwenzake wa nyumba ya pili anasoma "ka", na wote wawili wakafika pamoja.

Na hapa ndipo mshairi anapokuwa na haki ya kusema. Silabi ndiyo mizani. Shairi la mizani 16, 8 kwa 8, halihesabiwi kwa herufi wala kwa maneno, bali kwa hizo ba na be alizozitamka mtoto. Mshairi anajua kuwa mtu ni mizani 2, m na tu. Kuwa nchi ni mizani 2, n na chi. Lakini ndege pia ni mizani 2, nde na ge, kwa kuwa n yake imeegemea d na haisimami peke yake. Anajua kuwa sh na dh na ng' ni sauti moja moja hata zikiandikwa kwa alama zaidi ya moja. Mambo haya hayafundishwi na majina ya herufi. Hufundishwa na sikio lililozoezwa mapema kuigawa lugha mahali inapogawika yenyewe. Mtoto anayesoma kwa silabi anafundishwa kusoma na kufundishwa arudhi kwa wakati mmoja, na hajui kuwa amefundishwa.

Mitaala ya karibuni kwa sehemu kubwa imeliona hilo. Tanzania Bara ilipoupanga upya mtaala wa Darasa la I na la II mwaka 2015 kwa kuzingatia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kenya ilipoanzisha mpango wa Tusome mwaka huo huo, zote zilitia mkazo sauti za herufi na silabi. Lakini mtoto wa miaka 2 au 3 hayumo katika mtaala huo. Yeye yumo mikononi mwa simu ya mama, televisheni ya sebuleni, na skuli ya maandalizi ambayo mara nyingi hujisifu kwa Kiingereza. Huko hufundishwa wimbo wa "ei, bii, sii" kabla ya kitu chochote, na anapouimba mbele ya wageni hupigiwa makofi.

Sina ugomvi na Kiingereza. Nimeishi kwa kukifasiri. Wala mzazi anayemtakia mwanawe lugha ya pili hana kosa. Ninalolitazama ni athari yake kwa irabu. Mtoto huyo hujifunza kuwa e ni "ii", na i ni "ai". Akifika kwenye meza, ataisoma "miza". Akifika kwenye mimi, atasita, kwa sababu herufi anayoiona aliambiwa ni "ai" na neno analolijua halina "ai" ndani yake. Irabu ambazo Steere alizikinga kwa kalamu tunazivunja kwa wimbo. Kosa la mwaka wa kwanza hurekebishika, na watoto wengi hulivuka. Lakini wako wanaochelewa, na mtoto aliyechelewa huambiwa kuwa ni mzito, ilhali uzito uko katika mzigo aliotwishwa. Na hata wanaovuka, wengine huvuka na sikio lililolegea. Vina vya shairi vyote ni irabu na silabi. Asiyetofautisha kwa uhakika la mwisho "-le" na "-li" hataona ubaya wa kina kilichoharibika, na asiyeuona ubaya hatauona uzuri.

Historia basi inatuonyesha utaratibu, na si mgumu. Kwanza sikio: methali na vitendawili vinatosha. "Haba na haba hujaza kibaba" ina silabi 11, na ba imo mara 4; mtoto anaweza kuipigia kofi kila inapopita kabla hajaiona ikiandikwa. Kisha irabu 5, jina na sauti zikiwa kitu kimoja. Kisha silabi, konsonanti moja baada ya nyingine, kwa mahadhi kama ya chuoni, maana mahadhi hushika pale ambapo akili changa hupwaya. Majina ya herufi yaje baadaye, yakiwa majina ya watu ambao mtoto amekwisha kufanya nao kazi. Na kwa aendaye chuoni, alifu na bee zibaki kama zilivyo, kwa sababu zina kazi yake na zina bee fataha ba ya kuzifikisha kwenye sauti.

"Ei" na "bii" zitamfikia mtoto hata tukikaa kimya. Dunia nzima imeajiriwa kumfikishia. A, e, i, o, u za Kiswahili hazina wakala ila mama, bibi na maalim, na wakati wake ni huu, angali mchanga na ulimi wake haujaamua ni wa nani.